Nyumba Namba Kumi na Moja

Iringa, 9 Julai 2024

Dada Neli,

Shikamoo. Nimefika, ingawa kuanzia Makambako nilikuwa natapika kwenye mfuko na abiria wa jirani akaniazima kanga yake bila kuniuliza jina. Furushi lako la madaftari lilinitangulia, nililikuta kwenye ofisi ya basi likiwa limefungwa kwa kamba ya katani vizuri kabisa.

Uliniuliza mafunzo haya ya likizo yanahusu nini, ili Mama akiulizwa awe na la kusema. Tuko ishirini na wanane hapa chuoni, kwa wiki tano. Wengi ni wa vyuo vya hapa nchini, wengine wametoka Malawi na Kenya, na wawili Uholanzi. Tunajifunza kuchora kwa kompyuta jinsi watu wanavyokutana: nani anakwenda kwa nani, ni umbali gani, siku zipi, anakaa muda gani. Ukishakusanya hayo unatengeneza modeli, yaani kijiji cha bandia ndani ya kompyuta. Nyumba ni nukta, na anayetembelea ni mstari. Halafu unakiuliza kile kijiji: habari ikianzia nyumba hii, itafika ile baada ya siku ngapi? Na ufundi wa kupaka chungu rangi, umepita njia gani mpaka ukafika kwa bibi wa nyumba ya mwisho? Mwalimu wetu mkuu, Dk. Yohana, anasema takwimu za wafinyanzi wa ziwani kama wa kwetu hajawahi kuziona mezani kwake. Nilijisikia mtu.

Madaftari ishirini na moja yamejazwa vizuri mno. Najua ulivyozunguka nyumba kwa nyumba wiki kumi ukiwakumbusha watu kuandika nani kaingia na kakaa muda gani. La ishirini na mbili ndilo limenichekesha. La kwetu, nyumba namba kumi na moja. Tarehe, sifuri. Tarehe, sifuri. Kurasa zote. Kuna siku moja tu imeandikwa fundi baiskeli aliyeomba maji ya kunywa. Mwenye kazi ndiye hajafanya kazi. Tafadhali kaa na Mama mkumbuke waliokuja, hata kwa kukisia, unitumie kabla ya tarehe ishirini.

Mama anaendeleaje? Wale wenzake wa kanisani? Na Andrew amerudi?

Mdogo wako,
Asifiwe


Kijijini, 14 Julai 2024

Mdogo wangu Asifiwe,

Marahaba. Barua yako Wilson wa bajaji aliileta mpaka Matema, na kutoka pale ikaja na mtumbwi. Nakuandikia maana simu hapa mpaka upande mlimani, na ukiongea mlimani unaongea na kijiji kizima.

Mama mzima, magoti tu. Anafinyanga kila siku. Siku hizi anachomea vyungu vyake nyuma ya nyumba, si kule ufukweni na wenzake. Anasema moshi wa kule unamkaba. Wa kanisani wapo.

Andrew hajarudi. Yuko Katumba Songwe anavuna mpunga kwenye mashamba ya watu, anasema kazi bado ipo. Kaka yako unamjua, hata salamu anaziandika kwa mkato.

Kuhusu daftari la nyumbani, liache kama lilivyo. Nilikuwa nahangaika na ya watu. Kama ni kosa, ni langu, si la Mama. Usimwulize.

Uongeze maji moto kwenye uji kabla ya kunywa, huko Iringa baridi itakuumiza kifua.

Neli


Iringa, 24 Julai 2024

Dada Neli,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, basi linaondoka saa sita.

Jana niliwasilisha. Ungekuwepo. Dk. Yohana aliizima taa, akawasha projekta, na kijiji chetu kikatokea ukutani ukubwa wa mlango wa kanisa. Nukta ishirini na mbili. Nikabonyeza, mistari ikaanza kujichora siku baada ya siku, kama watu wanatembea. Na nukta kubwa kuliko zote, ile ambayo karibu kila mstari unapita, ni namba kumi na moja. Kwa Mama. Mholanzi mmoja akauliza nani anaishi pale. Nikasema, ni mfinyanzi mzee kuliko wote, kila mtu hupita kwake. Sikusema ni mama yangu, lakini nadhani uso ulisema. Walipiga makofi.

Daftari letu nililijaza mwenyewe. Usishtuke, ni jambo linalofanyika. Data ikikosekana unaikadiria kwa kuangalia majirani. Nilichukua wastani wa nyumba za karibu na maji, nikaongeza kidogo kwa sababu Mama ni Mama. Hata wewe unajua nyumba yetu ilivyokuwa ikijaa.

Nimechaguliwa kuwasilisha tena tarehe tisa Agosti mbele ya wageni. Dk. Yohana amegusia nafasi ya shahada ya uzamivu. Hebu fikiria.

Ndani ya bahasha kuna ramani mbili za rangi. Moja ya Mama, abandike sebuleni. Nyingine mpe mwenyekiti, Mzee Enoki. Niliwaahidi watu wataona matokeo ya jasho lao, na ahadi ni ahadi. Namba zinatosha, majina sikuandika.

Asifiwe


Kijijini, 30 Julai 2024

Asifiwe,

Ramani zako zilifika Ijumaa. Ya Mama niliificha chini ya godoro. Ile nyingine sikuwa na namna, mwenye mtumbwi aliona jina la Mzee Enoki kwenye karatasi akampelekea moja kwa moja.

Jumapili baada ya ibada aliwaita watu ofisi ya kijiji akaibandika ukutani. Alifurahi. Alisema binti yetu ametutoa, kijiji chetu kinaangaliwa na wazungu. Watu wakasogea, kila mmoja akitafuta nyumba yake, wanacheka, maana hata bila majina njia ya kwenda majini na ule mwamba wa ziwani vinaonyesha wazi nani ni nani. Kisha mtu akauliza ile nukta kubwa ni ya nani. Mzee Enoki akaifuata kwa kidole. Akasema, "Hii ni kwa Mama Neli." Akaishia hapo, kidole bado ukutani.

Hakuna aliyecheka tena.

Mzee Lazaro akainuka. Unajua haongei hovyo. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye nyumba namba nne, yake, akaufuata ule mstari mnene, wenye tisa iliyoandikwa juu yake, mpaka kwetu. Akasema, "Mstari huu unasema nimeingia nyumba ile mara tisa. Tangu nimzike mke wangu sijavuka ua wa Mama Neli. Nani ameniandika?"

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyezunguka na kalamu. Nikasema niliandika sifuri. Niliona hawaniamini. Ndipo Mama akasimama kule nyuma alikokuwa amekaa peke yake. Akasema, "Neli hakudanganya. Aliandika sifuri kila jioni, nikimwona. Hakuna aliyekuja."

Umeelewa, Asifiwe? Mama alilazimika kusema hayo kwa mdomo wake, mbele ya wale wale ambao hawaji.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Ya Novemba unayajua nusu. Unajua mtumbwi ulipinduka karibu na mwamba ukielekea soko la Lyulilo, na Tulinagwe, mke wa Lazaro, akafa maji. Unajua Andrew ndiye alikuwa na kasia. Hukuambiwa kuwa asubuhi ile Lazaro aliwaambia wasubiri ziwa litulie, na Mama akasema soko halisubiri, akaongeza vyungu vingine juu ya vile vilivyokuwa vimepakiwa. Hukuambiwa kuwa Andrew aliogelea akafika ufukweni, akajificha kwenye matete mpaka jua likageuka, hakumwambia mtu. Watu walianza kumtafuta Tulinagwe wakiwa wamechelewa. Labda asingepatikana hai hata hivyo. Hakuna anayejua, na hilo ndilo linalowaua.

Hawakumtukana Mama. Hawakuchoma nyumba. Waliacha tu kuja. Kanisani akikaa kwenye benchi, wenzake wanakumbuka wamesahau kitu benchi la mbele. Kwenye kuchoma vyungu walimwachia nafasi pana mno, akaelewa, akahamia nyuma ya nyumba. Hakuna moshi uliomkaba.

Nilipokuwa naketi na lile daftari Mama alikuwa ananiuliza, "Umeandika?" Nikamwambia hakuna wa kuandika. Akasema, "Andika hivyo hivyo, ni kazi ya mwenzio." Kwa hiyo niliandika. Nilijua utaona na nikatamani uone, maana kukuambia nilishindwa. Wewe ndiye tuliyemsomesha. Niliona aibu usije ukajua unatoka nyumba gani.

Lakini nikuulize na mimi. Pasaka ulikuja, ukakaa siku tatu. Hukuona?

Neli


Iringa, 3 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni, kwenye bweni hakuna pengine pa kujifungia.

Niliona.

Mama alipika wali wa watu kumi na kuchinja kuku wawili, akaosha sahani zote na zile za wageni. Tulikula sisi watatu. Jumatatu tukala ule ule, Jumanne asubuhi tukaupasha tena. Nilimwambia ni msimu wa shamba, watu wamechoka. Akanijibu, "Ndaga, mwanangu," kama mtu anayeshukuru zawadi. Nikapanda mtumbwi nikaondoka, nikawa nalirudia hilo neno shamba mpaka Mbeya chuoni.

Na zile sifuri, sikudhani umesahau. Nilikuandikia nimecheka, sikucheka. Nilifungua daftari, mkono ukajua kabla ya kichwa. Lakini niliwaza ile nukta ukutani bila mstari hata mmoja, na mtu akiuliza, "Pale anaishi nani?" Nikaona afadhali nidanganye kijiji kizima kuliko kujibu swali hilo. Sikukadiria kwa ajili ya Mama. Nilifanya kwa ajili yangu, mbele ya watu ambao wiki ijayo watakuwa wamenisahau.

Nilikwenda ofisini kwa Dk. Yohana. Nilimweleza nimejaza nyumba moja bila kusema. Aliniuliza kwa upole kama niliona sifuri nikadhani data imepotea. Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananifungulia mlango, nilimwona kabisa.

Nikasema, "Hapana. Nilijua ni za kweli."

Akavua miwani. "Basi hukukadiria," akasema. "Ulificha."

Alisema kosa liko kwenye nyumba moja, ila yeye sasa atazisoma zote ishirini na mbili kwa wasiwasi, na kazi yako, dada, uliyoifanya kwa uaminifu, imechafuliwa na yangu. Hilo ndilo lililoniliza. Amenipa njia mbili. Nijiondoe kimya, niseme naumwa, au nisimame tarehe tisa niwaambie wenyewe. Nimechagua kusimama. Nitawaonyesha ramani ya kweli, namba kumi na moja ikiwa peke yake, na nitasema kwa nini iko peke yake. Nadhani nina deni la ukweli wote.

Mwambie Mama. Au usimwambie. Sijui.

Asifiwe


Kijijini, 6 Agosti 2024

Asifiwe,

Nimemwambia. Alikuwa anakanda udongo, hakuinua uso. Kisha akasema nikuandikie maneno haya kama yalivyo: "Mwambie aseme ya kwake. Asiniweke ukutani mara ya pili."

Ana haki. Unataka kuungama, lakini unachoungamia ni aibu yake, si yako. Wageni hao watasikia habari za Mama na Andrew, watasikitika, watakunywa chai.

Andrew amekuja. Alisikia habari ya ramani huko Katumba Songwe, imefika mpaka kule. Amekonda. Ameketi siku mbili bila kutoka nje, anasema atavuka mto wa mpakani aende Malawi, hatarudi. Mama anampa chakula tu.

Natuma hii na mtu anayekwenda Kyela sasa hivi, Mungu akipenda itakuwahi.

Neli


Iringa, 10 Agosti 2024

Dada Neli,

Shikamoo. Iliniwahi. Niliipokea Alhamisi jioni, nikaifuta ramani yote.

Jana nilisimama bila picha. Ukuta mweupe, na watu kama sitini, wengine wamevaa suti. Nilisema, "Kazi mliyoambiwa mtaiona leo nimeiondoa. Kuna nyumba moja nilibuni takwimu zake, nikijua si za kweli, nikapokea sifa. Aliyekusanya madaftari, dada yangu, aliandika kila kitu sawasawa. Kosa ni langu." Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Mgeni mmoja aliyekaa mbele aliuliza nyumba ile ilikuwa na nini hasa, kwa kuwa sasa ndiyo anayotaka kuielewa. Mdomo ulinijaa maneno. Nilikuwa na habari nzuri, dada, wangenisikiliza, pengine wangenihurumia. Nikamwambia wenye nyumba hawajaniruhusu kusema. Akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Nikashuka, nikakosea ngazi.

Cheti sikupewa. Nafasi ya uzamivu haikutajwa tena na sikuiuliza. Yule msichana wa Malawi tuliyelala chumba kimoja alinisaidia kufunga sanduku, ila hakuniangalia, na simlaumu.

Jumanne nitakuwa Kyela, Jumatano nyumbani. Nitakwenda kwa kila nyumba niliyoichorea mstari wa uongo, nianze na namba nne. Naogopa nyumba hiyo kuliko ukumbi ule. Usinisindikize.

Asifiwe


Kijijini, 15 Septemba 2024

Kwa binti Asifiwe, Mbeya

Salamu. Mimi ni Lazaro, mume wa marehemu Tulinagwe. Mwandiko si mzuri, macho yangu yamechoka. Neli amenipa anwani yako, wala hajasoma humu.

Ulikuja kwangu mwezi uliopita ukasimama uani ukasema uliyosema. Mimi nilikuwa nasuka wavu, nikaendelea kusuka. Ulisubiri, kisha ukaondoka. Nasikia ulifanya hivyo nyumba zote, na kwingine walikupa kiti. Mimi sikukupa. Sikuwa na hasira na karatasi yako tu. Karatasi ile ilinionyesha nakwenda mara tisa kwa mwanamke ambaye zamani nilikuwa nakwenda kwake kila siku, kumfuata mke wangu akichelewa kurudi, nikiwakuta wanacheka na mikono yote imejaa udongo. Ulichora uongo, lakini ulikuwa uongo wa jambo lililokuwa kweli. Hilo liliniuma nikakosa pa kuliweka.

Nakuandikia kwa sababu ya yaliyotokea baada ya wewe kurudi Mbeya. Uliwaambia wa kwenu umekosa nini bila kutafuta wa kulaumu naye, na kaka yako alikuwepo akisikia. Sijui mliongea nini ndani. Najua kuwa Jumamosi iliyofuata Andrew alikuja kwangu asubuhi watu wote wakiwa nje. Hakuomba msamaha. Ningemfukuza. Alisema, "Mzee, nataka nikuonyeshe mahali."

Tukaenda kwa mtumbwi wangu, nikapiga kasia mimi. Upande wa kulia wa mwamba akasema hapa. Akanieleza mkono wa Tulinagwe ulivyomshika, na jinsi yeye Andrew alivyouachia. Haukumponyoka. Aliuachia, kwa kuogopa. Kisha akanionyesha matete alimoketi, na akaniambia alikuwa anatusikia tunamwita Tulinagwe, na kila tulipoita alizidi kuinama. Miezi kumi kila mtu alinipa pole, na hakuna aliyeniambia ilikuwaje. Nilikuwa namwona mke wangu akizama kila mahali kwenye ziwa hili. Sasa naona mahali pamoja.

Sijamsamehe. Niliwaambia na mchungaji na mwenyekiti hivyo hivyo, wasije wakalitangaza. Andrew nilimwambia asiende Malawi, abaki hapa nimwone, maana kumchukia mtu asiyekuwepo kunachosha. Amebaki.

Jumatano iliyopita mama yako alikuja mwenyewe. Alisimama pale pale uliposimama wewe. Alisema yeye ndiye aliyeongeza vyungu, nami nilikuwa nimewakataza. Nilimwangalia, amezeeka. Nikaingia ndani nikatoa kigoda cha Tulinagwe, kwa sababu sina kingine, nikamwekea. Hakukaa upesi. Baadaye akakaa. Mkwe wangu akaleta ndizi za kuchemsha, mama yako akala nusu ya ndizi moja.

Jua lilipoanza kushuka alisema anakwenda. Kwetu mgeni haondoki peke yake, hilo hata watoto wanalijua, na miezi yote hii tumemwacha atembee peke yake. Niliketi kwanza. Alikuwa ameshapita mgomba wa pili nilipoinuka nikamfuata. Nilimsindikiza mpaka njia ya majini, akaniambia inatosha, nikaendelea kidogo.

Lazaro